Zamu ya Alfajiri kwenye Mlangobahari Wenye Jina Langu

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa njia yake. Mselem aliniuliza hata begi sijalitua: "Kapteni, wamekupigia saluti?" Haji akataka picha. Wengine mmekuja nyumbani mkanywa kahawa, mkanisikiliza nikieleza habari za baridi, mkaondoka mkiambiana kwamba Athmani amerudi mpole. Nimeona bora niandike. Nikisema kwa mdomo najijua: nitaanza kwa unyonge, na kabla kahawa haijapoa nitakuwa nimeshaanza kujisifu.

Habari za viza na tiketi siziandiki. Zilinichosha mimi, zinatosha. Mnajua nilialikwa London kwenye hafla ya ramani mpya ya mlangobahari ule wa Ncha ya Kusini uliopewa jina langu. Hilo ni kweli. Jambo ambalo sikuwaambia ni kwamba nilikubali mwaliko kwa sababu ya Jaspal. Wale mliofanya kazi bandarini mnamkumbuka: mpima mwenzangu, Kalasinga wa Ganjoni, aliyekuwa akila pilipili mbichi kama karanga. Sasa anakaa Southall. Nilikuwa na neno moja la kumwambia, nimelikalia miaka ishirini na sita, na nilijiapiza kwamba safari hii sitarudi nalo.

Mombasa mpaka Doha

Kitini pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Meru, jina lake Kendi, muuguzi katika hospitali upande wa Croydon. Alikuwa amekuja Mtwapa kwenye harusi ya mdogo wake na miguu ilikuwa imemvimba kwa kucheza. Tulipofunga mikanda akaniuliza kwa adabu, "Mzee, unaenda kuona watoto?"

Swali lenyewe nililokuwa nikilingoja. Nikamwambia naenda kuona ramani. Ramani gani? Ya mlangobahari. Upi? Basi nikajinyoosha kitini, nikamwambia jina. Akacheka, akadhani namtania, nikamwonyesha barua ya mwaliko. Akaisoma yote, akanipa mkono upya, akawaambia wale wa kiti cha nyuma. Mpaka chakula kinafika nilikuwa nimeshasimulia nusu, na yule mhudumu wa ndege akaniongezea mkate. Nasema haya mjue kwamba hata siku ile, nikiwa njiani kwenda kusema ukweli, niliusimulia uongo kwa raha zangu zote.

Kukwama Doha

Ukungu ulishuka Doha na ndege ya London haikuondoka. Kwanza tuliambiwa saa mbili, kisha nne, kisha hawakutaja tena. Tuligaiwa karatasi za chakula. Mimi sikuielewa yangu, nikapanga foleni ndefu sana, nikapewa bakuli la majani na mbegu. Kendi alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akatoa kwenye mkoba wake chapati alizokunja na ndengu kavu. Nikafungua boksi moja la halua. Yalikuwa mawili, yote nilimchukulia Jaspal, lakini njaa haina haya. Tukala pale sakafuni, viatu tumevua.

Akasema, "Haya, mzee, malizia ile hadithi."

Nikaendelea. Na nyinyi mmeisikia mara nyingi, lakini isomeni tena, maana safari hii naiandika ilivyokuwa.

Ramani ya zamani ya mahali pale, iliyotokana na wawindaji wa nyangumi, ilionyesha ghuba. Nchi kavu kushoto, nchi kavu kulia, na ndani kabisa mstari wa nukta nukta, maana yake aliyechora alichoka au aliogopa kuendelea. Mimi na Jaspal tulikuwa tumeazimwa kutoka bandarini, msimu mmoja, tujifunze kazi kwenye meli ya vipimo ya Waingereza. Siku ya tatu pale, Jaspal alisimama kwenye ukingo wa meli akitazama vipande vya barafu. Akauliza mbona vinaingia ghubani na havitoki. Tukahesabu. Vinaingia, havirudi. Akasema, "Ghuba gani hii haijai?" Mkuu wa vipimo, Mskoti mmoja mwenye ndevu nyekundu, akamsikia. Akateremsha mashua, na baada ya siku mbili wakatokea upande wa pili, kwenye bahari wazi.

Kwa hiyo haikuwa ghuba, ulikuwa mlangobahari, na aliyeuliza lile swali ni Jaspal. Kwenu nimekuwa nikisema ni mimi. Kendi naye nilimwambia ni mimi.

Kisha kazi ya kupima ikaanza. Mashua inakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima matuta, mashine inapima kina kwa mwangwi, na mara moja moja unateremsha bildi, ile risasi ya kwenye kamba, kuhakikisha mashine haidanganyi. Lakini maji hujaa na kupwa. Ukipima mita kumi maji yakiwa yamejaa, huwezi kuandika kumi kwenye ramani, kwa sababu yakipwa meli itagonga. Lazima awepo mtu nchi kavu anayesoma nguzo iliyosimikwa majini, kila nusu saa, usiku na mchana, aandike maji yamefika wapi. Mashine ya kufanya hivyo tulikuwa nayo. Barafu iliiponda siku ya pili ya kazi. Tukarudi kwenye nguzo ya mbao, hema moja, jiko dogo la mafuta, na daftari. Wasomaji tulikuwa wawili, mimi na Jaspal.

Hapo Kendi akaniuliza, bila ubaya wowote, akilamba vidole, "Sasa wewe ulikuwa unalala saa ngapi?"

"Vipi?"

"Umesema usiku na mchana. Lazima mtu akupokee. Nani alikuwa anakupokea zamu?"

Mimi siku zote hadithi hii nimeisimulia kwa watu wa baraza na wanafunzi wa shule. Sikuwahi kuisimulia kwa mtu aliyeishi maisha yake yote kwa zamu. Nikasema alikuwepo mwenzangu mmoja. Akatikisa kichwa, akasema kazi zetu zinafanana, yeye pia huandika vipimo vya wagonjwa kila baada ya muda fulani. "Kwetu, ukiandika kipimo ambacho hukukichukua, hata kama mgonjwa amepona, umekwisha. Si kwa sababu ya mgonjwa. Ni kwa sababu hakuna atakayeamini tena kitu chochote ulichoandika."

Akafunga kopo lake la ndengu, akalala akiegemea mkoba. Mimi sikulala.

Ilikuwa Ramadhani, na kule msimu ule jua halizami. Nilikuwa nikifunga na kufungua kwa saa ya Mombasa, niliyoivaa mkono wa kulia. Jaspal, bila kuombwa, alikuwa akinishikia zamu nipate kufuturu. Nikaona vibaya kupokea tu, nikamwambia nitamlipa: alfajiri moja nitachukua zamu yake, naye alale. Kubadilishana zamu bila ruhusa kulikatazwa kabisa, lakini hemani ni nani atakayetuona. Nikala daku, nikakaa karibu na jiko, nikasinzia. Nilipozinduka, masomo sita yalikuwa yamepita.

Nilichotakiwa kufanya kinajulikana na mpima yeyote: acha nafasi wazi, andika umelala. Mashua ingerudia kazi ya asubuhi moja, basi. Mimi nikafungua ukurasa wa jana yake, nikayasogeza maji mbele kidogo, nikajaza sita zote. Na kwa kuwa orodha ilisema zamu ni ya Jaspal, pembeni nikaweka herufi zake, J.S., kwa mkono wangu.

Waligundua baada ya siku mbili. Vipimo vya mashua havikukutana pale mistari ilipokatana, na maji yangu yalipanda vizuri mno, bila mruko hata mmoja, wakati barafu ilikuwa ikipita na kuyarusha juu na chini. Mkuu alituita mezani. Akamwuliza Jaspal, "Hii ilikuwa zamu yako?" Jaspal akanitazama mimi. Akasema, "Ilikuwa zamu yangu." Kwa orodha, alisema kweli. Akanyamaza, akiningojea mimi nimalizie. Mimi nikaitazama meza.

Walimpandisha meli ya mahitaji iliyokuwa ikirudi kaskazini. Kwa kumrudisha yeye na kutafuta pa kuanzia upya, siku zikapotea, barafu ikafunga, na sehemu ya katikati ya mlangobahari haikupimwa. Mwisho wa msimu mkuu alitakiwa kupendekeza jina kwa kamati ya majina huko London. Aliona haya kuupa mlangobahari jina la mkubwa fulani ambaye hajawahi kufika pale, akaandika jina la msomaji wa nguzo aliyekaa mpaka mwisho. Kamati ikakubali. Hivyo ndivyo mlangobahari ulivyoitwa jina langu.

Jaspal alipofika bandarini barua ilikuwa imeshamtangulia. Wakampeleka stoo kuhesabu nati. Baada ya mwaka akaondoka Kenya.

Hounslow

Mwanaisha, binti wa marehemu ndugu yangu, alinipokea kiwanjani akiwa bado na sare ya kazi, maana anauza manukato humo humo. Tuliingia kwake Hounslow asubuhi badala ya jana yake jioni. Alikuwa amepika wali wa nazi ya kopo na samaki wa kupaka tangu jana, akaupasha, na kila tonge aliniomba radhi kwa nazi.

"Ami, suti umekuja nayo?"

Nikamwambia nimekuja na koti. Akaingia ndani akatoka na suti mpya ya kijivu, imefunikwa nailoni. Ameinunua yeye. Nikamwambia hafla yenyewe ndogo, chai na biskuti. Akasema, "Hata. Ukoo mzima hatuna mwingine."

Binti yake, Zuhra, ana miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote na hujibu Kiingereza. Alikuwa amechora mlangobahari na pengwini wakiwa wamevaa kofia za kiua, akaniuliza, "Did you find it all by yourself, Babu?" Kama niliuona peke yangu. Mama yake akamkatiza, "Muache babu ale." Nikala. Nilikuwa nimepewa nafasi nyepesi kuliko zote, mbele ya mtoto, jikoni, na bado nikajaza mdomo wali.

Southall, kwa basi

Anwani nilipewa na jamaa yake Jaspal mwenye duka Biashara Street, hapa Mombasa. Siku ya pili nikapanda basi. Katikati ya njia dereva akatangaza kwamba basi linaishia pale, tukateremshwa wote, nami sikujua kama napaswa kungoja jingine au nimefika. Nikafuata watu. Watu walikuwa wanakwenda msikitini, wala si Southall. Nikaswali nao, kisha nikaelekezwa njia, nikatembea kwenye manyunyu na boksi la halua kifuani.

Southall niliitambua kwa harufu ya jira. Nikaingia duka la vitambaa, nikamwuliza mama mwenye duka kama anamjua Jaspal Singh. Akawatazama wateja wake, akaniuliza kwa Kiingereza ninamtaka Jaspal Singh yupi, maana hapo dukani peke yake walikuwepo wawili. Nikasema wa Mombasa. Akaanza kucheka.

"Watoka Mombasa? Sema basi! Mimi mtu wa Kisumu. Jaspal wa Mombasa yuko pale mbele anakula mogo, kila siku saa hizi."

Mogo ni muhogo wetu. Kule wanaukaanga kwa pilipili na ukwaju, wanauuza kwa bei ya kuku. Nilimkuta mkahawani ameketi karibu na dirisha, kilemba cha samawati, ndevu zote nyeupe, sahani mbele yake. Alinitazama muda. Nikaona akinihesabu, kama tulivyokuwa tukihesabu barafu.

"Athmani," akasema. "Umezeeka vibaya, bwana."

"Na wewe?"

"Mimi nimezeeka vizuri, waulize watu. Keti. Wala mogo?"

Kiswahili chake ni kile kile cha Ganjoni, hakijaongezwa neno wala kupunguzwa. Akaniuliza nani amekufa, nani ameoa, kama pale karibu na posta bado wanauza mahamri. Miaka yote kule alifanya kazi ya mizigo kiwanja cha ndege, mgongo umemharibika, mke amefariki, anakaa na binti yake Manjit. Alifungua halua, akanusa kwanza, akafumba macho. Mara nne nilifungua mdomo. Mara nne nikauliza kitu kingine. Mara moja nilimwuliza bei ya nyumba.

Mwisho nikamwambia kesho kuna hafla ya ramani, ofisi ya ramani mjini, naye aje.

Mkono wake ukasimama juu ya sahani. "Mimi? Wamenikumbuka?"

Jawabu lilikuwa: hapana, ni mimi ninayekualika. Maneno manne hayo, sikuyasema. Nilisema, "Njoo tu, utaona." Akapangusa ndevu, akatazama nje dirishani, kisha akamwita mwenye mkahawa, akamwambia kwa Kipunjabi kitu kirefu, na yule akaja akanipa mkono. Hakutaka nilipe.

Ukumbini, karibu na mto

Jaspal alikuja na suti nyeusi na kilemba kipya, cha zafarani. Manjit alikuwa amemfunga tai. Mimi nilikuwa na ya kijivu ya Mwanaisha. Mlangoni kulikuwa na vibandiko vya majina. Changu kilikuwepo, kimechapwa. Chake hakikuwepo. Yule wa mlangoni, mpole sana, akatafuta mara mbili kwenye orodha, kisha akachukua kalamu akaandika: Mgeni wa Bwana Athmani. Jaspal alikisoma. Akakibandika kotini mwenyewe, akakisawazisha kwa kidole. Hakuniangalia.

Walikuwepo kama watu thelathini. Ramani mbili zilitundikwa ukutani: ya zamani, yenye doa jeupe katikati lililozungushiwa nukta, na mpya, iliyojaa namba. Mtaalamu wao, mwanamke kijana mwenye sauti ya ualimu, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali, watu wakapiga makofi. Akaeleza kwamba meli mpya imepita pale na mashine zinazoona sakafu yote ya bahari, na katikati ya doa jeupe imekuta mwamba, umesimama mwembamba, juu yake maji machache mno. Meli za watalii zimekuwa zikipita mahali pale kwa kubahatisha. Hakuna iliyougonga. Bahati tu.

Nikageuka nikalitazama tena lile doa jeupe.

Kisha akatuita kwenye sanduku la kioo. Ndani lilikuwa daftari la nguzo. Walikuwa wamelifungua ukurasa ule. Akaeleza, na nia yake ilikuwa njema, alitaka kuonyesha jinsi kazi ilivyokuwa ngumu: hizi namba sita hapa zilibuniwa na msomaji mmoja, ndiyo sababu siku zikapotea, ndiyo sababu ya doa. Akaonyesha kwa kidole. Herufi zilionekana wazi kabisa, J.S., wino haujafifia.

Jaspal alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo. Aliinama akasoma. Nadhani alikuwa hajawahi kuuona ukurasa wenyewe; siku ile mezani mkuu aliufunga haraka. Alizisoma zile herufi, akazitambua si zake. Sisi wapima tunajuana mwandiko. S yangu ina mkia.

Hapo ndipo niliposema. Kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo. Nikasema zamu ile niliikaa mimi. Nikasema nililala, nikabuni, nikaweka herufi za mtu mwingine, na mtu mwenyewe ni yule pale. Nikasema pia ndiye aliyegundua kwamba si ghuba.

Nilidhani ukumbi utanyamaza. Mama mmoja aliyeshika kikombe akasema, "How moving," yaani yamemgusa moyo. Bwana mwingine akanipiga bega. Wale wa nyuma hawakusikia, waliendelea na biskuti. Mtaalamu peke yake ndiye aliyeelewa. Alibadilika rangi, akamgeukia Jaspal kumwomba radhi kwa alivyosema. Akatuambia nikiandika maelezo na kuyatia sahihi, watayahifadhi pamoja na daftari. Kwenye daftari lenyewe hakuna anayeruhusiwa kuandika tena kitu. Na jina, akasema, likishaingia kwenye ramani za dunia nzima si rahisi kuliondoa, lakini naweza kuomba.

"Nitaomba," nikasema. "Uitwe jina lake."

Nilipogeuka, Jaspal alikuwa ameshakwenda kuchukua koti.

Treni ya kurudi

Nilimkuta kwenye ngazi za kuteremkia treni. Tulipanda pamoja kwa sababu njia ni moja. Watu walikuwa wakirudi kutoka makazini, tukapata viti viwili vinavyotazamana. Kibandiko bado kilikuwa kotini kwake. Nilitaka kumwambia akitoe, nikaona sina ruhusa.

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno miaka mingi, na yalitoka yote, kwa utaratibu, mpaka mimi mwenyewe nikayachukia. Aliniacha nimalize.

"Wajua," akasema, "mimi sikukasirika kwamba ulilala. Mtu amefunga, baridi ile, jiko lile, hata mimi ningelala. Wala ile kuandika jina langu. Uliogopa. Nilisema, huyu ataogopa leo, kesho atasema."

"Jaspal..."

"Ngoja. Meli ya mahitaji ilikuja baada ya siku nne. Siku nne, Athmani. Kitanda chako melini kilikuwa juu ya changu. Nilikuwa nikikusikia ukigeuka. Kila ukigeuka nasema, haya, sasa ashuka, asema. Ningekusaidia kusema. Tungekwenda pamoja kwa yule Mskoti, tungepewa adhabu ya kubadilisha zamu, wote wawili, tukaendelea na kazi."

Treni ikaingia stesheni, ikatoka.

"Nitawaandikia wabadilishe jina," nikasema. "Wakikataa nitaandika tena."

Ndipo akakasirika. Hakupaza sauti. "Silitaki. Nilifanye nini jina? Nimebeba masanduku ya watu miaka ishirini na tatu. Kila ndege ikipaa, mimi nawaza wale walio baharini wanapima. Nilipenda kazi ile, bwana. Hivyo tu. Nilikuwa hodari, na wewe wajua nilikuwa hodari. Kazi ndiyo niliyoitaka, na hiyo huna ya kunipa."

Akafungua begi lake dogo kutafuta kitambaa. Akajipangusa macho, akakikunja tena vizuri.

"Na jana," akasema, "nilipokuuliza kama wamenikumbuka. Ungeweza kusema hapana. Mogo ningekula vile vile. Manjit asingenunua kilemba."

Baada ya hapo aliniuliza jambo moja tu: "Wale wa barazani kwako wajua?"

"Hawajui."

"Wakuitaje?"

Nikamwambia. Kapteni.

Alishuka Southall. Nami nikashuka nyuma yake, kwa sababu basi langu linaanzia hapo. Stesheni ilikuwa imejaa watu na mifuko ya mboga. Nilimnyoshea mkono, naye akaushika, maana ni mtu wa adabu, kisha akaenda zake polepole, mkono mmoja mgongoni.

Nyumbani

Maelezo niliyaandika jikoni kwa Mwanaisha, kurasa tatu. Mwanaisha aliyasoma. Alikwenda kuitundika ile suti, akaifunika tena nailoni yake. Zuhra nilimwambia mwenyewe, kwa Kiswahili, kwamba aliyeuona kwanza ni rafiki yangu, na kwamba nilimfanyia vibaya. Akaniuliza kwa nini sikusema sorry wakati ule ule. Nikamwambia sijui. Ofisi ya ramani wamejibu kwamba wamepokea.

Basi ndugu zangu, nawaomba mawili. Ile picha yangu ya klabu ya wastaafu wa bandari, yenye maandishi chini, iondoeni. Mimi nikienda kuiondoa mtadhani natafuta kubembelezwa. Na msiniite Kapteni tena. Mselem, najua wewe utajaribu kwa utani. Usijaribu.

Jaspal nimempigia mara tatu tangu nirudi. Nampigia baada ya adhuhuri, ambapo kule ni saa nne asubuhi. Manjit hupokea, hunisalimia vizuri, huniambia baba amelala. Mara ya tatu nilimsikia mwenyewe, nyuma yake, akiuliza ni nani. Manjit akamjibu kwa Kipunjabi. Nikangoja. Kisha akaniambia tena, kwa upole ule ule, kwamba baba amelala.